Mpira wa Kioo cha Nyuma

Mimi ni fundi vioo. Si vya magari, ni vya nyumba: madirisha ya alumini, milango ya maduka, vioo vya saluni. Mitaa ya Nyasho, hapa Musoma, imejaa kazi zangu, na kwa miaka mingi nilikuwa nikipita nikizitazama kwa majivuno, hadi mke wangu akawa ananicheka. Siku hizi napita nikiangalia chini.

Gari lililoniangusha lilikuwa la marehemu baba mkwe. Tangu alipofariki lilikaa chini ya banda la mabati nyumbani kwao Butiama, kuku wakitagia kiti cha mbele. Ni gari la Kifaransa la zamani, refu, la rangi ya maziwa, la aina ambayo enzi zake mtu akiwa nalo hakuhitaji kujitambulisha. Binti zake wakubwa wote waliolewa mama yao akishuka mlangoni mwa kanisa kutoka kwenye gari hilo, kiti cha nyuma, mume wake akiendesha. Akawa amebaki kitinda mimba. Harusi ikapangwa Bunda, na mama mkwe akatoa neno moja, akampa mke wangu anifikishie.

"Mama anasema kama gari ya baba inaweza kutembea, yeye atapanda hiyo," mke wangu akaniambia. "Kama haiwezi, basi atapanda yoyote. Lakini unajua baba alikuwaga anamshusha mwenyewe."

Nilijua. Mama yule hakuwa mtu wa kuomba. Alitaka kufika kwa huyu wa mwisho kama alivyofika kwa wale wengine, kwa heshima yake yote, basi.

Hakuniambia mwenyewe kwa sababu kwa kina mke wangu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazungumzi. Hampeani mikono, hamli pamoja, hamketi chumba kimoja, na ukimwona anakuja njiani unapisha kabla hajakukaribia. Watu wa mbali hudhani ni uadui. Ni heshima, na nilikuwa nimeizoea. Miaka yote ya ndoa yangu nilimjua mama mkwe kwa sauti iliyotoka upande wa pili wa ukuta na kwa khanga iliyopotelea mlangoni. Nilimpenda hivyo hivyo.

Gari likavutwa hadi Musoma. Injini nikamwachia fundi wa injini. Vioo nikasema hapana, hivyo ni vyangu. Mipira inayovishika ilikuwa imekauka kabisa. Ukiikunja inakatika na kukuachia masizi vidoleni. Mpira wa kioo cha mbele tuliupata umetengenezwa tayari, duara zima. Wa nyuma haukupatikana, nikaletewa kutoka Mwanza wa kuuzwa kwa mita, unaokatwa na kuunganishwa mwenyewe.

Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Unauvisha mpira kwenye kioo, unapitisha kamba katika mfereji wake, unapaka sabuni ya maji, kisha unaweka kioo kwenye nafasi yake. Mmoja anasukuma kwa viganja kutoka nje, mwingine yuko ndani anavuta kamba taratibu, na kamba ikitoka inaurusha ukingo wa mpira juu ya bati. Mke wangu ndiye aliyekaa ndani. Alivuta vizuri kuliko vibarua wangu wote, ulimi ameubana kwenye meno, na tulitazamana kupitia kile kioo tukacheka.

Kosa nilikuwa nimeshalifanya kabla hajashika kamba. Kwenye dirisha la nyumba mimi huvuta mpira ukanyooka, nikaukata palepale unapoishia, ukapendeza. Mpira wa gari haupendi kuvutwa. Unatakiwa kuusukuma, uukate ukiwa umezidi kidogo, ncha zibanane. Mimi niliunyoosha kama wa dirisha la duka, na maungio nikayaweka juu kwenye kona, mahali ambapo macho ya watu hayafiki. Tukamwagia ndoo za maji. Halikuingia tone. Mke wangu akapiga makofi, nami nikaona nimemaliza.

Gari likasimama juani siku kadhaa likisubiri harusi. Mpira uliovutwa hurudi kwenye urefu wake. Ulirudi kimyakimya, ukaacha upenyo wa kupitisha ukucha, na mimi sikurudi kuukagua. Ningeukagua nini? Mimi si ni fundi vioo?

Mpango ulikuwa shangazi wa mke wangu akae nyuma na mama mkwe, awe wa kupokea maneno na kuyafikisha, ili mimi niendeshe tu. Mke wangu alikuwa ametangulia Bunda na wapishi. Asubuhi ya safari, pale Butiama, shangazi akaambiwa apande pikapu iliyobeba zawadi, kwa kuwa keki ilihitaji mtu mzima wa kuishika. Mabishano yakawa mafupi, keki ikashinda. Mama mkwe akaingia nyuma, mlango ukafungwa, tukabaki wawili. Kabla sijawasha gari nilikigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikaelekea juu, nisije nikamwona uso. Nilijiona mkwe mwema sana.

Mvua ilitukuta tukiwa bado hatujafika mbali, ikatupiga mpaka karibu na Nyamuswa, ilipokatika. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilikuwa naona barabara kwa kukisia. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Kila baada ya muda nilipeleka kidole kwenye mpira wa mbele, nikakuta pakavu, nikatabasamu peke yangu. Mara moja mama mkwe alikohoa. Nikapandisha kioo cha dirisha langu kidogo, nikadhani nimemsaidia.

Nyuma yangu maji yalikuwa yanapita kwenye ule upenyo, yanateremka kwa ndani, nyuma ya ubao wa pembeni, na kutokea chini ya egemeo moja kwa moja kwenye sponji aliyoikalia. Angeweza kusogea, lakini gauni lilikuwa limeshalowa. Angeweza kusema. Neno moja tu, hata kugonga kiti changu, ningesimama. Lakini kusema nami hakuruhusiwi, na mpokea maneno alikuwa kwenye pikapu na keki. Akakaa ndani ya maji ya baridi mpaka Bunda.

Bunda hakukuwa na dalili ya mvua. Vumbi lilikuwa linaruka, na gari lilikuwa limeshakauka kwa upepo. Nilisimama mlangoni mwa kanisa palepale alipotaka, vigelegele vikapigwa, shangazi akamfungulia mlango, mama akashuka na gauni lake la satini la bluu. Lilikuwa limelowa kuanzia kiunoni kwenda chini, limemganda miguuni. Vigelegele vikakatika.

Nilitazama mara moja nikaelewa. Mama mkwe alijitazama, akatazama gari la mume wake, kisha akawaambia wale wanawake, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ni uzee, wanangu. Nisamehewe."

Alitaka kunisitiri mimi, heri yeye adhaniwe ameshindwa kuzuia haja ndogo. Najua hivyo, ingawa hakuna aliyeniambia. Mume wake hayupo, gari lake limetengenezwa na mkwe, na mkwe hawezi kuaibishwa mbele ya ukoo mpya. Wakamzunguka na khanga. Nikashuka garini.

"Si yeye!" nikasema. "Gari inavuja! Mpira wa nyuma sijauweka sawa, mvua imetupiga njiani!"

Watu wakatazama anga jeupe la Bunda. Nikamvuta shangazi mpaka kwenye gari aone mwenyewe. Akaona kiti kimelowa palepale mama alipokuwa amekaa, na juu kote pakavu. Nikamwonyesha upenyo pale kwenye kona. Hakuutazama hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Basi, mkwe wetu," akasema. "Tumeelewa. Wewe ni mtu mwenye heshima sana."

Kadiri nilivyobisha ndivyo nilivyozidi kusifiwa. Kwenye sherehe mjomba mmoja alisimama akashukuru ukoo wetu kwa kulea kijana anayejua kumfunika mzazi. Nilipigiwa makofi. Sijawahi kuona aibu namna ile: kukaa pale na soda mkononi, nikipokea sifa ya kumfunika mtu aliyenifunika.

Usiku nilimweleza mke wangu kila kitu, upenyo, ubao, sponji. Akanisikiliza, akanishika mkono.

"Kamba niliivuta mimi mwenyewe," akasema. "Ule mpira ulikaa. Usijitese, mama amezeeka tu."

Tuliporudi niliagiza mpira mwingine kutoka Mwanza, nikausukuma inavyotakiwa, nikaubana. Haujavuja tena hata tone, na kwa kuutengeneza nikawa nimeondoa ushahidi pekee niliokuwa nao. Tumebaki wawili tunaojua, mimi na mama mkwe, na hatuwezi kuzungumza.

Juzi nilifika Butiama kumchukua kwenda ubatizo wa mjukuu. Nikasimama nyuma ya ukuta kama kawaida, ufunguo mkononi, nikisikiliza wakijiandaa. Nikamsikia mke wangu akisema kwa upole, kama mtu anavyosema na mtoto: "Mama, chai uache leo. Tuna safari."

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimesahau."