Beseni la Abigail

Mwalimu Nekesa amefundisha shule yetu ya Mayoni tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Darasa lake hujaa miwa ikikomaa na kubaki nusu ikishakatwa, maana watoto wa wakata miwa huja na wazazi wao na kuondoka nao. Halafu alama zikishuka, wakubwa hufunga safari kutoka mjini kuja kuuliza walimu wanafanya nini. Yaani kuna maswali yanaudhi.

Mwaka jana alikuja Abigail wa darasa la tano, binti wa mkata miwa aitwaye Erastus. Mtoto huyo alisoma akila, akasoma akitembea. Mtihani wa mwisho akawapita wote, hata mtoto wa mwalimu mkuu. Nekesa aliposahihisha, alifurahi hadi akasahau chai yake.

Wiki hiyohiyo Erastus akafika shuleni, panga mkononi.

"Madam, miwa ya hapa imeisha, tunaenda upande wa Busia. Mama Titus wa kanisani amesema anaweza kubaki na huyu msichana. Sasa niambie, anawezanga masomo? Kama ni wa kawaida tu, wacha twende naye atushikie mtoto mdogo."

Nekesa alikuwa na jibu. Lakini kwetu nafasi ya mtoto haisemwi kabla ya siku ya kufunga shule. Watoto siku hizi hawapaswi hata kupangwa kwa nafasi, ila bila namba moja, mzazi gani atakuja mkutanoni? Jina hutajwa, na mama wa mtoto hutimka kutoka vitini akipiga vigelegele, akacheza hadi mbele kupokea beseni la zawadi. Nekesa hakutaka kumnyima mama Abigail raha hiyo.

"Ngoja Ijumaa, Baba Abigail," alisema. "Utasikia mwenyewe."

Erastus akashukuru kwa adabu, akaenda zake.

Ijumaa jina likatajwa. Tukageuza shingo kumtafuta mama. Likatajwa tena. Aliyeinuka ni Mama Titus, polepole, bila kigelegele.

"Walipanda trekta jana, na Abigail pia," akasema. "Baba yake alisema mwalimu hakuwa na la kumsifu."

Simu ya Erastus haipatikani hadi leo. Tunamwambia Nekesa kwamba desturi ni yetu sote. Siku hizi akikutana na mzazi, hata njiani, humwambia alama za mtoto wake kabla hajaulizwa. Mwalimu mkuu amemwonya, lakini haachi. Na lile beseni liko juu ya kabati la darasa, jipya, na hataki mtu aweke chaki humo.