Mikono ya Kahaso Korongoni

Kwa miaka ishirini na tano hapakuwa na nyumba ya udongo Mtsangani ambayo Kahaso Mangi hakuikandika kwa mikono yake, au hakuitwa kueleza kwa nini imepasuka. Udongo aliuchimba korongoni, nyuma ya mashamba ya mihogo, mahali ambapo mvua imeikata ardhi miaka nenda miaka rudi hadi zikabaki nguzo ndefu za mchanga, nyekundu, nyeupe na manjano. Wenyeji walipita hapo na mbuzi wao bila kugeuza shingo. Kisha Mtsangani ikapewa hadhi ya manispaa, na korongo likatajwa la kwanza kwenye orodha ya vivutio, mbele ya pango la popo na mabwawa ya chumvi wanakotua ndege aina ya heroe.

Tangazo likabandikwa mlangoni mwa ofisi: wanatakiwa waongozaji wanne wa wageni. Kahaso, miaka hamsini na miwili, darasa la sita, akapeleka jina lake.

Mtihani ulikuwa wa kuandika, na wote kwa Kiingereza. Vijana waliomzunguka wakainama wakaandika. Yeye aliisoma karatasi juu chini, akaandika jina, akairudisha.

"Mama, hujajibu hata swali moja," alisema Kiprop, ofisa wa utalii, kijana mpole wa kutoka bara aliyefika pwani mwaka uleule.

"Sijaulizwa hata moja, mwanangu. Niulize njia ya kushukia. Niulize ukuta gani huanguka mvua ikinyesha."

"Utaratibu ndio huo, mama. Si mimi niliyeuweka."

Hasira zilimkaa siku mbili. Siku ya tatu aliazima kalamu, akaiandikia bodi ya manispaa barua ya kurasa mbili. Kama wageni watatembea juu ya karatasi, aliandika, wale vijana wanatosha. Kama watatembea korongoni, basi tupimeni korongoni.

Bodi ikakubali. Kila mmoja angemteremsha mgeni mmoja, na mgeni mwenyewe ndiye angetoa alama.

Siku ilipofika, aliyeshuka garini alikuwa Bi. Swabra Aboud, mjumbe wa bodi, mwalimu mstaafu wa Malindi. Mkononi alishika fimbo nyeupe. Alikuwa haoni tangu utotoni.

Watahiniwa wakatazamana. Wa kwanza alisimama ukingoni akanyoosha kidole, "Kule, Bi, ule wekundu..." kisha akakishusha. Wa pili alimkamata mkono bila kumwambia, akamkokota kama anayemvusha barabara. Hakuna aliyefika naye chini.

"Shikamoo, Bi. Swabra," alisema Kahaso zamu yake ilipofika.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye barua?"

"Ndimi."

"Haya, nionyeshe."

Mtu asiyeona anaonyeshwaje wekundu? Akajitazama viganja, vyenye sugu za miaka yote ile, akajua.

"Nikushike, au utanishika wewe?"

"Nitakushika bega. Na ahsante kwa kuuliza."

Wakateremka polepole, Kiprop nyuma yao. Kwenye ukuta wa kwanza Kahaso aliuweka mkono wa Bi. Swabra juu ya udongo. "Huu ndio mwekundu. Unakwaruza, sivyo? Una mchanga mwingi, huu tunaukandika nje, mvua haiulambi upesi. Sasa sogeza hapa. Mweupe."

"Laini kama unga!"

"Huo ni wa ndani, chumbani kwa bibi harusi. Na huu wa manjano, uonje."

Bi. Swabra akagusisha kidole ulimini, akacheka. "Una chumvi!"

"Wajawazito wa hapa wanaujua. Hata mimi, mimba zangu zote nne."

Nusu ya njia walikuta mvua ya wiki ile imebomoa ngazi za udongo. "Turudi," alisema Kiprop. Kahaso alimgeukia mgeni wake. "Bi, hapa pana mteremko wa urefu wa mtu mmoja. Udongo wake ni ule laini. Sisi wachimbaji hapa tunakaa kitako tunateleza. Utaweza?"

"Kaa wewe kwanza, nikusikie."

Wakateleza, mmoja nyuma ya mwingine, mabuibui na leso vikijaa vumbi, wanawake wazima wakipiga kelele kama watoto wa shule. Kiprop naye akafuata, suruali yake nyeusi ikatoka nyekundu.

Chini kabisa, katikati ya nguzo, Kahaso aliwataka wanyamaze. Upepo ulipita nguzo hii ukavuma, ukapita ile ukapiga mluzi. Bi. Swabra akapiga makofi, sauti ikamrudia kutoka kila upande. Akasimama, uso ameuinua.

"Bodi imenileta hapa mara tatu," alisema hatimaye. "Mara zote tatu nilisimama juu nikasomewa maelezo. Leo ndiyo nimefika."

Alama alizitangaza palepale, kwa sauti ya darasani: mia kwa mia, na Kahaso Mangi awe mkuu wa waongozaji, awafunze wengine watatu watakaochaguliwa. Kiprop ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa mkono.

Jumamosi iliyofuata basi la walimu kutoka Ganda liliegeshwa ukingoni. Wanawake wa Mtsangani, ambao hawakuwahi kuligeukia korongo lile, walisimama kando wakipiga vigelegele. Kahaso, beji kifuani, akawatazama wageni wake arobaini.

"Karibuni Mtsangani," alisema. "Vueni viatu, nyote, muusikie udongo, kisha nifuateni."