Wingu la Washambaa

Sisi wa Makuyuni tunaishi chini ya mlima, kwa hiyo tuna mbingu mbili. Moja iko juu ya vichwa vyetu. Nyingine imekaa mlimani, na tangu zamani tumekubaliana kwamba hiyo ni ya Washambaa: mlima wao, mvua yao. Makubaliano haya hakuna aliyeyapeleka kwa wingu lenyewe.

Mashavu, mjane wa Mbwana, alizijua mbingu zote mbili. Zamani, mtu akitaka kuanika makopa ya muhogo, alimpitia kwanza. Mawingu membamba, yaliyochanika kama manyoya ya kuku, alisema leo hayana neno, ila kesho kutwa usiende mbali. Vipande vyeupe kama pamba iliyomwagika: anika. Blanketi la kijivu lisilo na mwanzo wala mwisho: manyunyu ya kutwa, hayajazi hata ndoo. Na lile linalosimama kama mnara, jeusi chini, juu limetanuka kama uyoga: fungia mbuzi, ingia ndani.

Mnara ndio uliokuwa mlimani siku Mbwana alipouliza kama avuke korongo, ambalo siku nyingi ni mchanga mtupu, na baiskeli yake, akaangalie mihogo ng'ambo. Kwetu jua lilikuwa linachoma. Mashavu alitazama, akasema kama ambavyo yeyote kati yetu angesema, "Hilo ni la Washambaa. Wewe nenda."

Maji ya korongo hutoka mlimani, jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua na kila mtu mzima hulisahau jua likiwaka. Mbwana tulimkuta huko chini, kwenye mizizi ya mkuyu. Baiskeli haijaonekana mpaka leo.

Tangu hapo, kabla maji ya korongo hayajashuka, husikika kengele ya baiskeli. Kaleb, fundi baiskeli, ambaye babu yake aliletwa na kazi ya mashamba ya mkonge na ambaye haamini kitu kisicho na spea, anasema ni mawe yanagongana majini. Hulisema hilo akiwa ukingoni. Hajapata kuonekana akilisema katikati ya mchanga.

Wote tumeisikia, isipokuwa Mashavu. Watu wakianza kuizungumzia, yeye huinuka kwenda kuchochea moto. Habari za mawingu nazo aliziacha. Waliomletea maswali aliwaambia macho yameharibika, kisha akawaonyesha kwa kidole mbuzi wao aliyepotea kule bondeni.

Masika haya bintiye Zuena, aliyekuja kujifungulia kwao mtoto wa kwanza, alitakiwa kurudi kwa mumewe Kwaluguru. Arobaini ilishapita. Kila asubuhi Mashavu alitazama mlima, akakuta wingu, akasema kesho. Usambara haina uhaba wa mawingu.

"Mama," Zuena alisema, "kwa mtindo huu mwanangu ataota ndevu hapa hapa."

Siku hiyo mlima ulikuwa umejifunika blanketi la kijivu. Mashavu alitazama mpaka shingo ikamuuma, akaruhusu. Blanketi halina ubaya, ila kazi yake ni kufunika. Mnara waweza kusimama ndani yake na usiuone.

Pikipiki ilisubiri ng'ambo. Zuena akashuka mchangani, mtoto mgongoni. Alipofika katikati, Mashavu alimshika mkono Kaleb, aliyekuwa amesindikiza begi mpaka ukingoni pamoja nasi.

"Unaisikia?"

"Sisikii kitu, mama."

Hakuna aliyesikia. Mashavu akapaza sauti, "Zuena, kimbia! Usirudi, kimbia mbele!"

Zuena ni mtu wa kuuliza kwa nini. Siku hiyo alikimbia kwanza. Alikuwa ameshashika mizizi ya ukingo wa pili maji yalipotokea konani, ya kahawia, yamebeba migomba mizima ya watu wa mlimani. Alipanda, akageuka, akapunga mkono. Sauti yake haikuvuka.

Mashavu alikaa chini. Akauliza, "Kaleb, kengele ya baiskeli kazi yake nini?"

"Kuomba njia, mama. Watu wapishe."

"Kumbe." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mimi miaka yote nilijua baba Zuena kaninunia."

Habari za mawe Kaleb hakuzitaja. Mashavu akainuka, akatazama juu, akatuambia tukaanue makopa yetu. Kwetu jua lilikuwa bado linachoma. Tulikwenda mbio.