Kisanduku Kizito cha Bethwel Kibii

Bethwel Kibii alipakia viazi kwenye malori mjini Molo kwa miaka mingi, hadi mgongo wake ulipokataa. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba akibeba gunia tena, huenda asiinuke. Yeye na mkewe, Chesang, wakauza ng'ombe wao wa maziwa, wakakodi chumba kando ya barabara ya soko na kununua kompyuta moja yenye nguvu ya kuchezea gemu. Vijana walilipa kwa kila mechi. Ilikuwa kazi ya kwanza maishani mwake kuifanya akiwa ameketi, na ndiyo pekee iliyobaki ambayo mwili wake ungeiweza.

Umeme wa Molo una tabia zake wakati wa mvua. Alasiri moja ulipotea, ukarudi kwa nguvu, na kompyuta ikazima. Fundi wa jirani aliipima, akasema kilichoungua ni pawa saplai tu, yaani kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Vingine vyote vilikuwa salama.

"Una bahati," fundi alimwambia. "Nenda Nakuru ukachague nzuri. Ile mbaya haifi peke yake, huondoka na wenzake."

Katika duka alilolipata Nakuru, muuzaji alikuwa kijana mpole aitwaye Quincy. Alimwekea Kibii visanduku viwili mezani.

"Boss, chukua hiki. Kimetoka kwa kompyuta ya ofisi huko ng'ambo. Kimekwaruzika, lakini wati zilizoandikwa hapa ndizo kinazotoa."

"Mtumba?"

"Mtumba wa maana. Hiki kingine ni kipya, kina namba kubwa, kina hata taa. Mwenye duka ndiye huvileta. Ukiniuliza ndani kuna nini, sijui."

Kibii aliviinua vyote viwili, kimoja kila mkono, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyozoea kuyapima magunia kabla ya kuyapandisha kwenye lori, na wenye malori walimwamini kuliko mizani. Kile cha mtumba kilikuwa chepesi. Kile kipya kiliuvuta mkono wake chini, naye akahisi utulivu ambao hakuwa ameuhisi tangu kompyuta izime. Aliona kwamba kitu chepesi hakiwezi kuvumilia kazi ya kutwa nzima.

Mteja aliyekuwa nyuma yake aliangua kicheko. "Mzee, unapima kama viazi?"

"Mkono huu haujawahi kunidanganya, kijana."

"Basi kifinye pia uone kama kimeiva!"

Duka zima likacheka, isipokuwa Quincy. "Boss, kwa kweli ningekuwa wewe ningechukua hiki chepesi," alisema.

Lakini Kibii alikuwa ameshaona aibu, na aibu ilimfanya ashuku. Aliamini kwamba kijana alitaka kumsukumia mzigo uliokwama dukani. Akalipia kile kizito.

Jumamosi chumba kilijaa. Vijana wa mitaa miwili walikuwa na fainali yao, na Chesang alikuwa ameleta chupa za chai ya kuuza. Fundi alikiunganisha kisanduku, taa ya buluu ikawaka, watu wakapiga makofi. Mechi ilipochangamka ikasikika harufu ya plastiki, kisha mlio kama wa kijiti kilichovunjika. Skrini ikawa nyeusi. Moshi ukatoka.

Fundi alifungua kompyuta na kujaribu kifaa kimoja baada ya kingine, huku akitikisa kichwa. Mazabodi, ule ubao unaounganisha vifaa vyote, ilikuwa imekwisha. Kadi ya picha, iliyokuwa ghali kuliko vyote, ilikuwa imekwisha. Mwishowe akakifungua kisanduku chenyewe. Chini ya nyaya chache nyembamba palikuwa na bonge la saruji lililogandishwa kwa gundi.

Chesang aliligonga kwa ukucha.

"Bethwel. Kule kwa malori, mtu akificha mawe katikati ya gunia, ulikuwa unamjua."

"Nilikuwa namjua."

"Ulimjuaje?"

"Nilikuwa nafungua gunia."

Kibii alimpigia Quincy simu. Quincy alimpa pole ya kweli, akamweleza kwamba mwenye duka hapokei kitu kilichofunguliwa. Hakumkumbusha alichomwambia, na hilo lilimuuma Kibii zaidi.

Vijana walihamia chumba kingine cha gemu, karibu na kanisa. Hawakuwa na ubaya. Wakipita walimwamkia, "Sasa, mzee!" bila kupunguza mwendo. Yeye aliketi mlangoni, mbele ya viti vitupu, na kila alipopiga hesabu ya kuanza upya alirudi palepale: hapakuwa na ng'ombe mwingine.

Jioni moja Chesang aliingia nyumbani, akavua leso kichwani. "Nimeongea na yule mama anayesimamia wapakiaji. Kuna nafasi moja ya kubeba. Naanza kesho."

"Wewe? Magunia?"

"Nani mwingine?"

"Na mimi nifanye nini, Chesang?"

Chesang aliinama. Alizitoa gambuti za mumewe chini ya kitanda, akazijaza vitambaa vikuukuu sehemu ya vidole, akazivaa, kisha akatembea kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akiangalia kama zitamkaa.