Taa za Wanaoshuka Mlimani

Jumanne moja ya mwezi wa nne, mwaka wa rashi, watu walipoukimbilia mlima wa kwetu Kemambo kutafuta dhahabu, nilimpoteza mume wangu. Duara, shimo walilochimba dhahabu, lilimfukia akiwa chini. Wenzake walimtoa, tukamzika uani kwa mama yake. Tochi yake ya kichwani haikuonekana.

Naitaja tochi kwa sababu siku hizo za uchimbaji niliiona kuliko nilivyomwona yeye. Alishuka na wenzake giza likishaingia, na kutoka jikoni niliona mstari wa taa ukija kwenye njia ya mawe. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo, hivyo taa yake iliinama na kuinuka, iliinama na kuinuka, wakati za wengine zilikwenda sawa. Nikishaiona, nabandika maji ya ugali.

Tuliishi kwa mama mkwe wangu. Pale chemli hutundikwa mlangoni, na huzimwa na mtu wa mwisho kuingia. Mama alikuwa akiuliza kutoka chumbani kwake, "Mmeingia wote?" Ukijibu ndiyo, unazima. Baada ya mazishi hakuuliza tena, na mimi sikuzima. Niliiacha iwake mpaka mafuta yaishe yenyewe. Asubuhi nilikuta mama ameshaijaza, na hakunisema hata siku moja.

Mwaka uliofuata wifi yangu, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, alikuja kutusalimia. Njiani alikuwa amesikia kwamba kwenye bustani ya miti pale Bomani, mwalimu mmoja wa sanaa, mgeni wa mkoa huu, ameandaa maonyesho ya taa za usiku.

"Wifi, si twende tu?"

"Taa nimeziona."

"Umeona chemli! Ama utakaa hapo jikoni mpaka uote majani, tuje tukuchume mboga?"

Mama mkwe akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Nadhani ndiyo sababu nilikubali.

Bustani ile kila mti una kibao cha jina lake. Mwalimu na wanafunzi wake walikuwa wamekata chupa za maji, wakazipaka rangi na kutia ndani balbu ndogo za sola. Mjakaranda uliwaka zambarau ingawa haukuwa msimu wake wa maua. Migomba ilimulikwa kutoka chini hadi mishipa ya majani ikaonekana. Wifi alipiga picha kila kitu, mpaka bomba la maji. Mimi niliona ni pazuri, na uzuri ule uliniuma, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kupanga namna ya kumsimulia mume wangu.

Nyuma kabisa, ardhi inapoteremka, walikuwa wamefunga tochi za kichwani kwenye waya kati ya miti, mstari mmoja kutoka juu hadi chini. Upepo ulizitikisa.

"Hizi ni wanaoshuka mlimani," mwalimu alituambia. "Nyingine nimeazima kwa wachimbaji. Nyingine nimenunua kwa fundi wa sokoni, naye hajui zilikuwa za nani."

Kwetu, watu wa duara wakishuka na viroba vya mawe, wewe ndiye unayetoka njiani, maana mwenye mzigo hakwepi. Nikatoka njiani, nikasimama kwenye nyasi.

"Poleni na kazi," nikasema.

Nyuma yetu wasichana wakaangua kicheko. "Jamani, mama anasalimia balbu!"

Wifi akawatazama. Kisha naye akatoka njiani, akasimama kando yangu.

"Poleni," akasema.

Tochi moja kwenye waya ilikuwa inainama na kuinuka. Nilikwenda hadi pale karibu nikimbie. Waya ulikuwa umelegea upande mmoja, basi. Hata hivyo niliigeuza nikatazama mkanda wake, kwa sababu wa mume wangu niliushona mwenyewe kwa uzi wa bluu. Mkanda huu haukuwa umeshonwa popote.

"Ndiyo yenyewe?" wifi aliuliza.

"Hapana."

"Haya. Twende nyumbani."

Akanishika mkono mpaka kwenye gari tulilokodi, na hakuuachia njia nzima.

Tulikuta chemli inawaka mlangoni. Wifi alitangulia kuingia. Mimi nilibaki nje nikitazama mlima. Kulikuwa na taa zinazoshuka, nikazifuata kwa macho moja moja. Zote zilikwenda sawa.

"Mmeingia wote?" mama mkwe aliuliza kutoka chumbani.

Wifi alikuwa amesimama sebuleni. Aligeuka, akanitazama.

Nikavuka kizingiti.

"Tumeingia wote, mama."

Nikainua kioo cha chemli, kikaniunguza kidole, nikapuliza.