Zamu Yangu ya Kumtukana Marehemu

Habari ya kifo niliipata Kagongwa, kwa dereva wa lori la pamba.

"Mtani wako wa Shinyanga amekufa," alisema. "Anazikwa kesho. Una kiberiti?"

Nilimpa kiberiti, nikakaa juu ya gunia nikalia. Nilipomaliza kulia nikaanza kupanga matusi.

Asiyejua mila hii atanishangaa. Mimi Mzaramo, yeye Msukuma, na tangu enzi za mababu Mzaramo na Msukuma ni watani. Mtu wa namna hiyo hazikwi na ndugu na padri peke yao. Mtani lazima awepo, amwige marehemu alivyotembea, ataje vituko vyake mbele ya wafiwa, na akitaka ajilaze kaburini agome kutoka mpaka apewe kuku. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Tulifanya kazi pamoja miaka kumi na minane katika kiwanda cha kuchambulia pamba, mimi fundi wa mashine, yeye mpimaji, kabla hajachaguliwa uongozi na kuhamia mjini. Tulikwisha kubaliana kwamba atakayetangulia, mwenzake atamtukana vizuri. Na mjini kule hapakuwa na Mzaramo mwingine aliyemjua. Nikikosa mimi, hakuna.

Tuliondoka alfajiri, mimi nikiwa juu ya marobota ya pamba, nikifanya mazoezi. Mwendo wake ulikuwa wa bata aliyeshiba, kifua mbele, vidole vya miguu nje. Lakini silaha yangu kubwa ilikuwa kisa cha Mwanza. Siku moja alijilaza juu ya marobota kama haya, akasema anafumba macho kidogo tu. Lori likaondoka naye, akaamkia Mwanza. Aliporudi siku ya tatu alimwambia mkewe kwamba aliitwa kwenye mkutano wa dharura. Mkewe akamchomoa pamba masikioni, akamuuliza kama mkutano huo ulifanyika ndani ya godoro.

Kanisa kuu lilikuwa limejaa mpaka nje. Mimi ni Mwislamu, lakini kilio hakina dini, nikavua kofia yangu na kusogea. Mlangoni ilisimama kamati ya mazishi, vitambaa vyeusi mkononi na ratiba zilizopigwa chapa. Miaka ile sukari ilikuwa haionekani, sabuni haionekani, lakini karatasi ya ratiba haikupata kuadimika hata siku moja.

"Ndugu, unawakilisha idara gani?" mwenyekiti wa kamati aliniuliza.

"Mimi ni mtani wake."

Akashuka na kalamu yake kipengele kwa kipengele, mpaka cha kumi na saba. "Utani haumo."

"Utani hauandikwi. Unatokea tu."

"Leo hakitokei kitu tu, Ndugu. Tuna mgeni rasmi."

Nilikuwa nikidhani kwamba msibani mgeni rasmi ni maiti. Kumbe alikuwa bwana mmoja kutoka mkoani, tumbo kama kiriba, viatu viking'aa, aliyekalia kiti cha mto mbele kabisa huku mjane akibanwa kwenye benchi pamoja na mashemeji. Nilimchukia papo hapo, nikaahidi moyoni kwamba nikifika kaburini na yeye atapata fungu lake.

Kisha ukasomwa wasifu wa marehemu. Nilisikiliza nikidhani nimekosea kanisa. Eti alikuwa mpole! Mtu aliyewahi kumrushia karani jiwe la mizani. Eti hakujua majungu. Eti hakuchelewa kazini. Msomaji akameza mate, akaendelea kwamba marehemu alikiwakilisha kiwanda chake kwenye mkutano wa dharura uliofanyika Mwanza.

Pale mjane aligeuka. Alitafuta safu kwa safu mpaka akaniona nyuma kabisa, kofia mapajani. Macho yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa ukimtetemeka kwa kicheko alichokibana na upande wa kanga. Hakunipungia wala kunikonyeza. Alinitazama tu, kisha akageukia jeneza. Nilijua amenituma.

Kaburini nilipenya hadi mbele. Jeneza lilikwisha teremshwa. Nikatoa kifua, nikapanua vidole vya miguu, nikapiga hatua ya kwanza ya bata.

Mgeni rasmi aligeuza shingo akanitazama. Mwenyekiti wa kamati naye akanitazama, na mgambo aliyekuwa kando yao akaishika vizuri fimbo yake. Ghafla nikaikumbuka kazi yangu, na nyumba ya kiwanda ninayoishi. Mguu ukarudi wenyewe. Nikainama, nikachota udongo, nikautupa taratibu kama mtu wa idara, nikasema, "Pumzika kwa amani."

Pumzika kwa amani! Mimi, kumwambia yeye! Kaburi likafukiwa upesi, kwani ratiba ilikuwa imechelewa. Asubuhi nzima nilikuwa nimewacheka waoga wa kamati kimoyomoyo, na mwoga mkubwa kuliko wote nilikuwa nimempandisha lori mwenyewe kutoka Kagongwa. Niliona aibu.

Lori lilikuwa linarudi saa kumi, nikapita nyumbani kwa marehemu kuaga. Mjane alikuwa amekaa mkekani kati ya wanawake wenzake. Miaka yote ile mama huyu hakunipa hata kikombe cha maji kabla ya kuniita mvivu wa pwani, na mimi kumwita mshamba mla michembe ya viazi vikavu, naye akacheka mpaka akashika ukuta. Nilichuchumaa mbele yake. Nilikuwa na tusi moja zuri lililobaki, nikafungua mdomo.

Akaniwahi. Alirekebisha kanga yake, akainamisha macho, na kwa adabu ile ambayo watu huwapa wakubwa wa serikali akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikaitikia.