Ushuhuda wa Macho ya Mume Wangu

Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanne, na kati ya hao mmoja tu ndiye aliyejua kusoma sawasawa. Huyo alikuwa mume wangu. Tulikutana kila Alhamisi alasiri, akishatoka kazini kwenye ghala la reli, katika nyumba ya kazi tuliyopewa hapo Kindu, karibu na kituo. Wengine wawili walikuwa shemasi wa kanisa letu, ambaye alikuwa fundi cherehani mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na mjane mmoja muuza mawese ambaye alikuja amechoka, akavua kandambili, akaketi, na mara nyingi akasinzia kabla hatujafika mbali. Wa nne nilikuwa mimi. Nilihudhuria kwa sababu kikundi kilikaa nyumbani kwangu na sikuwa na pa kukimbilia.

Mimi ni mtoto wa Alunguli, ng'ambo ya mto, na kwetu ni Waislamu. Nilipokuwa msichana nilipelekwa chuo cha Kurani, nikajua herufi za Kiarabu na kuzisoma kwa sauti nzuri bila kuelewa lolote. Za Kizungu hakuna aliyenifundisha. Nilipoolewa nikabatizwa, nikapewa jina jipya, nikaanza kulizoea. Kisha serikali ikatangaza kwamba majina ya ubatizo yamekwisha, kila raia arudi kwenye jina la mababu. Dada zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Uliacha ya kwetu, na ya kwao wameikatala," waliniambia. Mimi sikucheka.

Mkubwa wa mtaa alituruhusu kukutana kwa sharti moja, kwamba picha ya Rais itundikwe ukutani. Mume wangu akaitundika juu ya kiti chake mwenyewe, kwa hiyo kila aliyemtazama msomaji alitazamwa na Rais na kofia yake ya ngozi ya chui. Tulikuwa na desturi yetu. Mume wangu alisoma sehemu moja, akanyamaza, kisha akamuuliza kila mtu: "Neno limekushika wapi?" Ulitakiwa ujibu. Mjane alishikwa moyoni kila wiki. Shemasi alishikwa mahali pengi, na akishaanza kupataja, ugali ulipoa. Mimi nilijibu mara nyingi kwamba bado halijanishika, na mume wangu alicheka, akasema nisiwe na haraka. Nilimpenda kwa kicheko hicho. Sijui kama niliwahi kumwambia.

Alianza kulalamika kwamba taa ya ghalani ni mbovu. Kisha jua lilikuwa kali mno. Kisha ngozi ikamwasha, akajikuna mpaka miguu ikawa na madoa meupe. Kazi yake ilikuwa kusoma majina kwenye mizigo iliyoshuka kutoka kwenye treni na kuelekeza kila mzigo mahali pake, na siku moja rafiki yake wa kazini alinivuta pembeni, akaniambia kwamba sasa yeye ndiye anayesoma na mume wangu anatamka tu. Nilimpeleka hospitalini. Muuguzi akamfunua kope, akasema ni ugonjwa wa watu wa mtoni, unaletwa na vijidudu vyeusi vinavyouma mchana kwenye maji ya mbio, na kwamba yeye hana dawa yake. Alisema hivyo kama muuza duka anavyokwambia sukari imekwisha. Nilimchukia yule muuguzi, ingawa alisema kweli tupu.

Hesabu yake haikuhitaji kalamu. Macho yakienda, kazi inakwenda. Kazi ikienda, nyumba inakwenda. Kwa hiyo tulificha. Na mahali pa kwanza tulipojifunza kuficha palikuwa pale kwenye kikundi, maana Alhamisi moja niliona mume wangu amefungua Biblia, anasoma vizuri kabisa kwa utulivu wake wote, na kitabu kimekaa kichwa chini, msalaba wa jaladani umepinduka.

Alikuwa amelelewa misheni tangu utotoni, na sehemu kubwa ya Injili ilikuwa imemkaa kichwani. Nilitazama wenzangu. Shemasi alikuwa ameona. Mjane, ambaye nilidhani amelala, alikuwa ameona. Hakuna aliyesema kitu. Kuanzia hapo tukaacha kufuata kitabu kwa mpangilio. Shemasi aliomba tu zile sehemu alizojua kwamba mume wangu anazo. Ulikuwa upendo, sikatai. Lakini nilikaa pale nikiona mafungu yetu yakipungua wiki hata wiki, na nilijua tulikuwa tunatembea kwenye chumba kimoja tukijifanya tuna nyumba nzima.

Basi tukafika kwenye habari ya yule kipofu aliyepakwa tope machoni akaambiwa akanawe. Ni mume wangu mwenyewe aliyeichagua. Aliisoma polepole, akanyamaza, na safari hii hakutuuliza limetushika wapi. Alisema, "Mimi limenishika hapa," akagusa macho yake.

Shemasi alilia. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui niliite nini. Alitoka uani, akatema mate kwenye udongo, akaukoroga kwa kidole, akaja akampaka. Mjane alikuwa amepiga magoti. Walimshika mikono wakaenda naye mtoni, na mimi nikafuata nyuma nikiwa na hasira, maana yale maneno ya muuguzi kuhusu maji na wadudu sikuwa nimeyasahau. Alinawa. Jua lilikuwa linapiga juu ya maji. Akainua uso, akasimama hivyo kwa muda, akasema, "Minaona."

Jumapili alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda. Watu waliimba, waliruka, shemasi akabebwa juu. Nami nilikuwa na furaha, nisidanganye. Nilicheza na wenzangu mpaka kitenge kikanifunguka. Kesho yake asubuhi mume wangu alinyoosha mkono kuchukua ugali, mkono ukaingia kwenye bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiwa bado ya moto. Hakupiga kelele. Aliutoa, akaupangusa, akaendelea kula. Nilimuuliza kama anaona. Alinijibu kwamba uponyaji mwingine huja pole pole, na kwamba nisimvunje.

Tangu siku ile kulikuwa na uongo wa aina mbili nyumbani. Wa kwanza tulimdanganya mkubwa wake wa kazi. Wa pili yeye aliwadanganya waliomwombea, na huo ndio ulikuwa mzito.

Kila Jumamosi kulikuwa na salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji. Kila mtu na jembe au fagio lake. Nilikuwa na njia yangu: nilifanya kazi pembeni mwa mume wangu, nikakohoa alipotakiwa kusimama, na nikaimba alipotakiwa kuendelea. Wanawake walinitania kwamba namlinda asiangalie wengine. Lakini Jumamosi moja walitugawa, wanawake tukapelekwa kufagia soko na wanaume ofisini kwa mkubwa wa zoni, yaani wilaya yetu. Yeye akapewa kulima majani kuzunguka mlingoti wa bendera. Wiki ile ile walikuwa wamepanda maua pale kwa ajili ya mgeni kutoka juu aliyekuwa anakuja. Mume wangu alilima yote. Alilima vizuri, wanasema, huku akiimba, hakuacha hata shina moja. Waliokuwa karibu walicheka kwanza, kisha wakaacha kucheka.

Nilipofika ofisini alikuwa amekalishwa chini, jembe limewekwa mbele yake kama shahidi. Mkubwa wa zoni hakuwa mtu wa kelele. Aliuliza kwa upole ni nani aliyemtuma aharibu maua ya bendera. Nikasema kabla sijaulizwa.

"Mukubwa, hakutumwa na muntu. Bwana yangu haone. Amekufa macho."

Alinitazama kwa huruma kidogo. Akauliza kama kuna mwingine anayemfahamu. Shemasi alikuwa ameshafika mbio, na jasho, na Biblia yetu kwapani. Nadhani aliileta apate kuapa. Alisikia maneno yangu, akageuka kunitazama kama mtu aliyepigwa.

"Hapana, mukubwa," akasema. "Alikuwa kipofu, lakini Mungu alimuponya. Kanisa nzima iko shahidi. Anaona muzuri. Kila siku ya ine, ile Alhamisi yetu, anatusomea Biblia."

Alidhani anamtetea. Alikuwa amezoea kumtetea hivyo kwa miezi mingi, akimpa mafungu anayoyajua, akijibu "amina" kwa nguvu pale sauti inapositasita. Mjane, aliyekuwa amenifuata kutoka sokoni, naye aliulizwa, akatazama chini, akasema ndiyo, anatusomea. Mkubwa wa zoni akasema kama ni hivyo, asome.

Wakampa kitabu. Alikifungua katikati, popote, akainamisha kichwa. Akasoma habari ya yule kipofu, yote, tangu mwanzo. Sijawahi kumsikia akisoma vile. Askari mlangoni aliacha kutafuna. Mkubwa wa zoni hakuchungulia ukurasa. Alikuwa ameegemea nyuma, amefumba macho, na nadhani hata yeye kuna mahali lilimshika. Mume wangu alipomaliza, yule mtu alifumbua macho.

"Anasoma kupita mwalimu," akasema. "Basi maua aliiona."

Hapo ndipo shemasi alipoelewa. Nilimwona akifungua mdomo, ukabaki wazi. Mkubwa akamgeukia mume wangu, akamuuliza mara moja tu, kwa lile neno la chama la kumwita mtu raia: "Sitwayeni, unaona ao hauone?"

Angesema haoni, angekuwa kipofu asiye na kazi, lakini angelala nyumbani. Nilimwomba. Nilimwita baba wa watoto wangu ambao hatukuwa tumewapata, nikamwomba aseme. Yeye aligeuza uso upande wa sauti ya shemasi, si upande wangu.

"Minaona," akasema.

Nilipompelekea chakula gerezani nilimuuliza kwa nini. Alisema hangeweza kumfanya Mungu mwongo mbele ya chama. Nilimwambia Mungu ana nguvu za kujitetea, na sisi hatuna. Alikula, nikachukua sahani, nikavuka soko nalia waziwazi, na sikujali nani ananiona.

Alikaa ndani majira mazima ya mvua. Alipotoka, kazi ilikuwa imekwisha, kwa sababu aliyefungwa kwa ajili ya bendera harudi kwenye kazi ya serikali, na nyumba ilikuwa na watu wengine. Kwa hiyo vyote alivyovilinda kwa kuficha macho vilikwenda, na macho yenyewe yalikuwa yamekwisha kabisa, meupe. Nilimvusha kwa mtumbwi mpaka Alunguli kwa mama yangu. Mama alimtandikia mkeka barazani, na alipokwenda kuswali alimpitia mbali ili asimkwaze.

Shemasi hakuja tena. Nasikia alihama, na nadhani alihama kwa ajili yetu. Mjane alikuja Alhamisi kadhaa, akivuka mto na madumu yake ya mawese, akavua kandambili, akaketi. Mume wangu alianza kusoma kutoka kichwani kama zamani, lakini gerezani kuna kitu kilikatika. Alifika katikati ya fungu akapotea. Alirudi nyuma, akaanza tena, akapotea pale pale. Alitugeukia, mimi na mjane, akingoja tumpe neno linalofuata. Tulikuwa tumemsikiliza miaka mingi, na hatukuwa nalo. Biblia ilikuwepo pale mapajani, kila kitu kimo ndani, na wote watatu tuliishika kama watu wanaoshika mlango uliofungwa. Baadaye mjane naye akaacha kuja. Simlaumu, mto ni mpana na alikuwa mzee.

Kilichobaki ni ule ushuhuda, maana wenyewe haukufungwa na haukupofuka. Shemasi na waimbaji walikuwa wameupeleka mpaka Pangi, mpaka barabara ya Lubutu, na huko ulitembea kwa miguu yake. Sikulijua hilo mpaka siku moja mchana waliposimama uani kwetu wanawake wawili, mama na binti yake, wamejaa vumbi la barabara ya Pangi. Binti alikuwa anamwongoza mama kwa fimbo, kila mmoja ameshika mwisho wake. Nilitazama macho ya yule mama, nikayajua.

"Tunatafuta ule baba aliponywa macho," binti aliniambia. "Banasema iko hapa. Mama anataka amuwekee mikono."

Mume wangu alikuwa barazani, hatua chache tu. Alikuwa amesikia wageni, akajiweka sawa, akavuta shati, na akatabasamu kwa furaha kweli kweli. Ila alitabasamu upande wa ukuta. Binti alimwona. Alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, na sikuweza kuinua uso.

"Njo hapa?" mama yake aliuliza kama ndipo penyewe. "Iko?"

"Hapana, mama," yule binti akasema kwa sauti ya upole. "Haiko. Banasema alisafiri mbali."

Akageuza fimbo, wakaondoka. Niliwaletea maji wakiwa wameshafika njiani, na hawakugeuka. Niliporudi barazani mume wangu alikuwa bado ameketi vile vile, ameshika kola ya shati lake. Aliniuliza kama wameenda. Nikasema wameenda. Akaniambia nimsaidie kuingia ndani.